Mcheza Kwao Hutunzwa: Kuusoma Upya Wasifu wa Siti binti Saad

Utangulizi

Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu alichokiandika marehemu Shaaban Robert katika miaka ya 1950, ni miongoni mwa vitabu ambavyo mwalimu wa Kiswahili hudhani anavifahamu hata kabla ya kuvisoma. Jina la mwandishi ni kubwa, jina la anayesimuliwa ni kubwa, na ujumbe wake hudhaniwa kuwa bayana: mtu wa chini akiwa na kipawa, subira na tabia njema, hufika juu. Mwanafunzi huandika jibu hilo katika mtihani, mwalimu hulitia alama ya vema, na kitabu hurudishwa kabatini.

Sisi tunaona kwamba kitabu hiki kinabeba swali jingine, nalo ni zito kuliko hilo. Msanii chipukizi anapoanza kujulikana na watu, ni nini hasa kinachomsaidia? Na ni nini kinachofanana na msaada, lakini kwa kweli kinamwacha peke yake?

Swali hili linatuhusu sisi tunaofundisha Kiswahili nje ya mwambao kuliko linavyowahusu wengine. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, kila mwaka jukwaa huwekwa, wageni huketi, na wanafunzi huitwa kughani na kuimba. Mara nyingi anayewashinda wenzake ni msichana mmoja ambaye mwaka uliotangulia hakuna aliyemjua. Anapigiwa makofi, anapigwa picha, anatajwa redioni. Je, baada ya hapo? Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kuupitia upya Wasifu huu pamoja na mambo yanayojulikana kuhusu maisha ya Siti.

Maana mbili za neno moja

Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Neno kutunza lina maana mbili. Ya kwanza ni ile inayoonekana katika ngoma na taarabu: mtu huinuka kitini, huenda mbele ya mwimbaji kwa madaha, humpa fedha, kisha hurudi kuketi huku watu wakimtazama. Wengine hukuita huko kutuza. Maana ya pili ni kulea, kuangalia, kuweka kitu kisiharibike. Mama humtunza mtoto. Mkulima hutunza mbegu. Katibu hutunza kumbukumbu za chama.

Lugha imeyaweka matendo haya mawili ndani ya neno moja, lakini sisi tumezoea kuyatenganisha. Tendo la kwanza ni jepesi na lina sherehe. Lina faida pia kwa anayetoa, kwa kuwa huonekana. Tendo la pili ni la muda mrefu, halina makofi, na pengine hata anayetunzwa halitambui mpaka miaka imepita. Rai yetu ni kwamba msanii anayeanza kujulikana hupata kutunzwa kwa maana ya kwanza kupita kiasi, na kwa maana ya pili kidogo mno.

Tulitazame tena neno jingine katika methali hiyo: kwao. Anayetunzwa ni mcheza kwao. Basi yule ambaye pale anapocheza si kwao, atatunzwa na nani? Hapo ndipo kisa cha Siti kinapoanza kuwa na maana kwetu.

Mgeni mjini

Siti alizaliwa Fumba, kijiji cha shamba katika kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880. Jina alilopewa na wazazi ni Mtumwa, na jina hilo peke yake linaonyesha alizaliwa katika tabaka gani. Wazazi wake walikuwa watu wenye asili ya bara. Alijua kazi ya vyungu, kazi ya mikono ya wanawake wa shamba, na kuvichukua kwenda kuviuza. Shule hakupata. Mwaka 1911 alihamia mjini.

Mji aliouingia ulikuwa na muziki wenye wenyewe. Taarabu ilikuwa imelelewa katika jumba la Sultani tangu enzi ya Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Iliimbwa kwa Kiarabu, na wapigaji wake walikuwa wanaume. Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha Nadi Ikhwan Safaa, ambacho nacho kilikuwa cha wanaume. Mwanamke wa shamba, maskini, asiyejua kusoma, hakuwa na kiti katika mkusanyiko wa namna hiyo. Kwa lugha ya methali yetu, hapo hapakuwa kwao.

Sauti alikuwa nayo tangu Fumba, kwa maana hakuipata bandarini. Kama sauti peke yake ingetosha, angekuwa maarufu kabla ya mwaka 1911. Kilichobadilika mjini ni kwamba alikutana na watu. Ali Muhsin, mmoja wa wanamuziki wa Ikhwan Safaa, aliisikia sauti ile, naye akafanya zaidi ya kuisifu. Alimfundisha kuimba kwa kanuni za taarabu na kupiga ala, kisha akamwingiza miongoni mwa wanamuziki wenzake. Baadaye Siti alikuwa na kundi lake, na majina ya wenzake yanajulikana: Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruku Talsam na Mwalimu Shaabani.

Tunawaomba wasomaji wayashike mambo matatu katika habari hii fupi. Kwanza, msaada wa kwanza ulikuwa funzo. Pili, mwalimu hakumfungia mwanafunzi wake nyumbani awe mali yake. Alimpeleka kwa wengine. Tatu, kilichotokana na hayo ni ushirika wa watu wanaofanya kazi pamoja, wala si mtu mmoja anayezungukwa na wanaomsifu. Hivyo ndivyo mahali pasipo kwao palivyofanywa kuwa kwao.

Fani ya Wasifu na kasoro yake

Je, Shaaban Robert anatuonyeshaje mambo haya? Hapana budi tuseme kwanza kwamba kitabu chake ni tendo la ushujaa. Katika zama zile, kuandika wasifu mzima wa mwanamke ambaye hakuwa malkia wala binti wa ukoo mkubwa, na kumwita mtu wa kuigwa, lilikuwa jambo la kuushtua ulimwengu wa wasomi. Katika lugha pia kitabu ni hazina. Sentensi zake zina mizani na mawaidha yake yamefumwa kwa ustadi. Mwalimu anayetaka mfano wa nathari safi ya Kiswahili hahitaji kwenda mbali.

Hata hivyo, heshima tuliyo nayo kwa mwandishi isituzuie kuhakiki. Shaaban Robert ni mwandishi wa maadili kabla ya kuwa mwandishi wa matukio. Wahusika wake wakuu wamejengwa kwa fadhila: Karama wa Kusadikika anaikabili hatari kwa ajili ya haki, na Adili wa Adili na Nduguze ni adili kama jina lake. Alipokuja kumwandika mtu aliyeishi kweli, aliendelea kutumia kalamu ileile. Siti wa kitabuni ni mnyenyekevu, mvumilivu, mkarimu, mcha Mungu. Kila anapotukanwa, fadhila yake hushinda.

Ujenzi wa namna hii una madhara mawili kwa mada yetu. La kwanza ni kwamba tabia inaifunika kazi. Msomaji anapokifunga kitabu anakumbuka subira ya Siti kuliko anavyokumbuka saa alizozitumia kujifunza, au jinsi kundi lile lilivyotunga na kuimba pamoja. Waliomsaidia wanatajwa, lakini wanabaki kama nyota ndogo zilizo kando ya mwezi. Kufaulu kwake kunaonekana kama malipo ya wema wake, na malipo ya namna hiyo hayahitaji mwalimu, wala chama, wala mwenzi.

Madhara ya pili ni makubwa zaidi. Kitabu kinamtetea Siti kwa kuthibitisha kwamba alikuwa mwema. Utetezi huo ulihitajika wakati ule, nasi tunauelewa. Lakini mwanafunzi anaweza kutoka nao na fikra ya hatari: kwamba msanii wa kike anastahili kuungwa mkono endapo ni malaika. Je, yule mwenye ulimi mkali? Je, aliyekataa mume aliyechaguliwa? Je, yule ambaye majirani wana maneno juu yake? Haki ya msanii kufundishwa, kulipwa na kuheshimiwa katika kazi yake haipaswi kungoja hati ya uchamungu.

Jina na ulimi wa watu

Tumesema kwamba Siti alitukanwa. Umaarufu wake ulipozidi, ulitungwa wimbo wa kumdhihaki, nao umesalia katika kumbukumbu za watu mpaka leo. Wimbo ule ulimrudisha shamba: ulimkumbusha nguo za kimaskini na asili yake, ukadai kwamba bila sauti asingekuwa na riziki. Siti alijibu kwa wimbo. Jibu lake lilisema, kwa ufupi, kwamba sura na nasaba si hoja, na kwamba cha kutazamwa ni akili na mwenendo wa mtu.

Kwa mhakiki, mgogoro huu una maudhui ya kitabaka yaliyo wazi. Wenye mji hawakukasirishwa na sauti mbaya; sauti ilikuwa nzuri. Walikasirishwa na kuona kwamba kitu walichokihesabu kuwa chao kimeshikwa na mwanamke aliyetembea kwa miguu na chungu kichwani. Ndiyo maana dhihaka haikugusa muziki hata kidogo. Iligusa nguo.

Lakini tuulize: Siti alipata wapi nguvu ya kujibu? Wasifu unatuelekeza kwenye moyo wake. Sisi tunaongeza kwamba alikuwa na mahali pa kulitolea jibu hilo. Alikuwa na wenzake wa kuupiga wimbo, na alikuwa na wasikilizaji wa Ng'ambo, upande wa mji walikokaa watu wa kawaida, waliokuwa tayari kuupokea na kuueneza. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics kilichotoka mwaka 2001, ameeleza jinsi nyumba ya Siti ilivyokuwa mahali pa kukutania jioni, wanamuziki wakitunga na kufanya mazoezi, na majirani wakisikiliza na kuleta habari za mtaani zilizogeuka kuwa nyimbo. Msanii mwenye baraza kama hilo akipigwa jiwe, jiwe huwaangukia wengi. Msanii aliye peke yake, jiwe hilohilo humwangusha.

Tena baraza hilo lilimpa kitu kikubwa zaidi ya kinga. Lilimpa la kusema. Wimbo wake uitwao Kijiti unasimulia mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kwenda kutembea Unguja, akauawa; muuaji akatoroka, na waliotoa ushahidi wakaadhibiwa wao kwa habari ya pombe. Wimbo huu unaitia mahakama ya kikoloni aibuni mbele ya watu wote. Mwimbaji anayeishi kwa fadhila za matajiri peke yao hawezi kuuimba wimbo wa namna hiyo, kwa kuwa kesho ataulizwa. Aliuweza Siti, ambaye aliimba harusini, akaimba mbele ya wakubwa, na bado akawa na wenziwe wa Ng'ambo nyuma yake. Hapa ndipo tunapoona faida ya kutunzwa kwa maana ya pili: humfanya msanii awe huru dhidi ya wale wanaomtunza kwa maana ya kwanza.

Sahani za santuri

Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay, India, wakarekodi nyimbo kwa kampuni iliyotoa sahani zenye alama ya His Master's Voice. Walirekodi tena baadaye, na idadi ya nyimbo ikapita mia moja. Sahani hizo za Kiswahili ziliuzwa sana katika Afrika Mashariki. Watu ambao hawakupata kumwona walimsikia mikahawani, na watu waliotoka shamba kama yeye waliisikia lugha yao ikitoka katika mashine ya Wazungu.

Safari ile hutajwa kama kilele cha umaarufu. Sisi tungependa itazamwe kwa jicho la utunzaji. Kampuni haikuja kwa mapenzi ya taarabu. Ilitafuta wanunuzi wa sahani na santuri. Lakini kwa kutafuta faida yake ilifanya jambo ambalo wasifiaji wa harusini hawakulifanya: iliiweka kazi. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Nyimbo zake nyingine tungezijua kwa kusimuliwa tu, na katika kusimuliwa maneno hubadilika. Tunayo sauti kwa sababu ya sahani zilizosalia.

Mwalimu anayeufundisha Wasifu huu afanye vema kuwauliza wanafunzi wake maswali haya. Maneno ya wimbo yalikuwa ya nani: ya aliyeimba, ya aliyetunga, au ya baraza zima? Sahani ikiuzwa, fungu la mwimbaji ni lipi, na la mpiga udi ni lipi? Je, mtu asiyejua kusoma anatia alama yake katika mkataba kwa kumtegemea nani? Maswali haya ni ya uhakiki, kwa kuwa yanahusu hali ambazo kazi ya sanaa huzaliwa ndani yake. Tena ni maswali ambayo msichana wetu wa tarehe 7 Julai atayakuta siku yoyote, atakapofuatwa na mtu mwenye simu na ahadi.

Mifano mingine miwili

Ili tusijenge hoja yote juu ya mtu mmoja, tutazame mifano mingine miwili, mmoja wa Unguja na mmoja wa kwetu.

Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, alijifunza kuimba utotoni kwa kumsikiliza Siti. Aliimba, akapiga ngoma ya msondo, akawafunda wanawali katika unyago, kwa miongo mingi. Lakini sifa za nje ya Afrika Mashariki zilianza kumfikia katika miaka ya 1980, alipokuwa mwanamke mzima wa makamo ya bibi. Tuzo ya kimataifa ya WOMEX aliipata mwaka 2005, naye alifariki mwaka 2013. Tunaifurahia tuzo ile. Lakini hesabu yake inatutia simanzi: hicho ni kipindi cha zaidi ya nusu karne ambamo sauti yake ilikuwapo, na masikio yalikuwapo, lakini mkono wa kuipeleka mbele haukuwapo.

Mfano wa pili ni Khadja Nin, mzaliwa wa Burundi. Aliimba kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, na wimbo wake Sina Mali, Sina Deni wa mwaka 1996 ulikifanya Kiswahili cha nchi zetu kisikike Ulaya. Alihamia Ubelgiji mwaka 1980, na umaarufu wake ulitokea huko. Hatumlaumu kwa kuhama. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Lakini ni ajabu kwamba sauti iliyozaliwa ng'ambo ya pili ya ziwa Tanganyika ilitufikia sisi majirani kwa njia ya Brussels na Paris.

Mifano hii miwili inaonyesha kwamba msanii wetu huweza kujulikana hata tusipomsaidia. Kinachopotea ni miaka yake, na pengine ukaribu wake nasi. Basi tusiseme kwamba kipaji cha kweli hakizuiliki. Hakizuiliki kwa wale tuliopata kuwasikia. Walionyamaza hawapo kutoa ushahidi.

Hoja ya wanaopinga

Wapo wenzetu wanaotukumbusha methali nyingine: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wanasema kwamba chipukizi akibebwa hulegea. Mwache apambane, shida ndiyo itakayomkomaza. Nao humtaja Siti huyohuyo, wakisema hakuwa na chama wala mfadhili.

Kuhusu Siti tumekwisha jibu: alikuwa na mwalimu na alikuwa na kundi. Kuhusu methali, tunakubaliana nayo kabisa, kwa kuwa inakemea sifa. Mgema aliyesifiwa alitia maji. Haijasemwa kwamba mgema aliyenolewa kisu na kutengenezewa kamba alitia maji. Sifa tupu ndiyo inayoharibu kazi, na tiba yake ni uhakiki wa kweli. Kumwambia msichana aliyepigiwa makofi kwamba ubeti wake wa tatu umepungua mizani, kwamba neno lile amelitumia kwa kuwa linapendeza tu, kwamba sauti yake inaishiwa pumzi katika kituo: huko ndiko kumtunza. Ali Muhsin asingemfundisha Siti kama angeridhika kumstaajabia.

Kinyume chake pia ni kweli. Wako wahakiki wanaongoja chipukizi ajulikane ili wamvunje, na hukuita huko ukali wa kitaaluma. Mkosoaji wa namna hiyo ni ndugu wa aliyetunga wimbo wa dhihaka. Tofauti ya mhakiki mlezi na mhakiki mvunjaji haipo katika ukali wa maneno. Ipo katika swali moja: akishasema, je, msanii anajua la kufanya kesho?

Wajibu wetu

Ndugu walimu, chama chetu hakina studio wala hazina ya fedha. Lakini mambo tuliyoyaona katika maisha ya Siti hayahitaji hazina kubwa.

Tunaweza kufundisha. Msichana aliyeshinda katika mashairi ya shule apewe mtu wa kumfunza arudhi na matamshi baada ya sherehe, kwa mwaka mzima, wala asiitwe tena siku ya mgeni rasmi tu. Tunaweza kumkutanisha na wenzake. Chipukizi watatu wakisomeana kazi zao kila mwezi tayari ni baraza, hata kama liko chini ya mwembe wa shule. Tunaweza kulilinda jina lake. Maneno yakizuka juu yake katika chumba cha walimu, yakatwe humo humo, na kazi yake ihukumiwe kwa kazi. Tunaweza kulinda muda wake na haki yake. Akialikwa kuimba katika hafla ya watu wazima, tuulize nauli, tuulize malipo, tuulize nani atamrudisha nyumbani.

La mwisho, tunaweza kuihifadhi kazi. Maneno ya shairi lake yaandikwe kwa usahihi, yatiwe jina lake na tarehe, na nakala moja ibaki shuleni. Jambo hili linaonekana dogo mno hata kulitaja. Lakini tafakarini ni tungo ngapi nzuri zimeghaniwa katika viwanja vya shule zetu, zikashangiliwa, kisha zikapotea kabla ya likizo.

Hitimisho

Shaaban Robert ametupa kitabu kinachomvika Siti taji la fadhila, na taji hilo lilimstahili. Kazi iliyobaki kwa msomaji wa leo ni kutazama mikono iliyokuwa chini ya taji: ya aliyemfundisha, ya waliopiga ala pamoja naye, ya majirani waliolijaza baraza lake. Mwaka 2020, zaidi ya miaka 90 baada ya safari ya Bombay, mwimbaji Siti Muharam, kitukuu wa Siti, alitoa albamu ya nyimbo za bibi yake mkuu. Nyimbo zimefika kwake kwa kuwa zilitunzwa. Naye pia, kama kila aimbaye, atahitaji kutunzwa.

Makofi ni haki ya kila msanii aliyefanya vizuri, nasi hatusemi yakomeshwe. Tunachosema ni kwamba makofi yakiisha, ukumbi ukifagiwa na viti vikirudishwa, pawepo angalau mwalimu mmoja anayemwuliza yule msichana: kesho tunaanza saa ngapi? Wenye maoni tofauti na haya tunawakaribisha watuandikie, ili mjadala uendelee katika kurasa hizi.